Kompaila Inayojengwa na Kompaila

Kompaila ni programu inayosoma maandishi ya binadamu, yaliyoandikwa kwa lugha kama C, C++ au Rust, na kuyageuza kuwa amri za tarakimu ambazo prosesa ya kompyuta inazielewa. Lakini kompaila nayo ni programu. Imeandikwa na watu kwa lugha fulani, na lazima nayo igeuzwe kabla haijaweza kugeuza nyingine. GCC, kompaila ya C ambayo Richard Stallman aliitoa mwaka 1987, iliandikwa kwa C. Kompaila ya Rust imeandikwa kwa Rust. GHC, kompaila ya Haskell, imeandikwa kwa Haskell. Kila moja inajihitaji yenyewe ili izaliwe.

Mtumiaji wa kawaida halioni jambo hili. Kijana wa Kasingirima, katika Manispaa ya Kigoma-Ujiji, mwenye kompyuta mpakato yenye Debian au Ubuntu, anaandika sudo apt install gcc, na baada ya muda, kutegemea kasi ya bando lake, kompaila iko tayari kwa kazi. Kilichoshuka kutoka mtandaoni si maandishi ya GCC bali kifurushi kilichokwisha kujengwa. Kuna mtu aliyechukua chanzo chake, akaandika maelekezo ya kukijenga, akakipeleka kwenye mashine za ujenzi za mradi, na kikatoka kimefungwa na kutiwa sahihi. Watu hao ni wafungashaji, na miongoni mwa maelfu ya vifurushi wanavyovitunza, kompaila ni kati ya vile vinavyowasumbua zaidi.

Katika Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, kila chanzo huja na faili dogo liitwalo control. Humo mna orodha ya vitu vinavyotakiwa kuwepo kabla ujenzi haujaanza. Huo ndio utegemezi wa ujenzi. Kwa vifurushi vingi orodha hiyo haina tatizo: mchezo mdogo wa karata unataka kompaila ya C na maktaba ya michoro, na vyote viwili vipo. Tatizo huanza pale kifurushi cha kwanza kinapokitaka cha pili, cha pili kikakitaka cha tatu, na cha tatu kikarudi kukidai cha kwanza. Mashine ya ujenzi ikikutana na mzunguko wa namna hiyo haina pa kuanzia. Hukiweka kifurushi kwenye foleni ya vinavyosubiri, na hapo kitakaa hadi mtu aingilie kati.

Mfano maarufu ni GCC na glibc. Glibc ni maktaba ya msingi ya C katika Linux. Programu nyingi mno huipitia zinapotaka kusoma faili, kuandika kwenye skrini au kuomba nafasi ya kumbukumbu. Imeandikwa kwa C, kwa hiyo inaitaka GCC. Nayo GCC kamili inaitaka glibc ili iweze kujenga maktaba zake za ndani. Kila mmoja anamsubiri mwenzake atangulie.

Mzunguko mwingine uko ndani ya nyaraka. Kifurushi cha GCC cha Debian hutengeneza pia vitabu vya maelezo vya maktaba ya C++. Vitabu hivyo huandaliwa na programu iitwayo Doxygen, na michoro yake huchorwa na Graphviz. Graphviz inataka maktaba za kuchora na za kupanga herufi, kama Cairo na Pango. Hizo zina orodha zao, na kila kilichomo katika orodha hizo kimeandikwa kwa C au C++ na kinaitaka GCC. Kwa kuifuata orodha neno kwa neno, kompaila haipatikani mpaka kiwepo kwanza kifaa cha kuchora vishale na visanduku katika kitabu cha kompaila hiyohiyo. Hakuna aliyekusudia iwe hivyo. Kila kiungo, kikitazamwa peke yake, kina sababu nzuri ya kuwepo. Kasoro huonekana pale tu mnyororo mzima unapotandazwa.

Watu wa mwambao wa Ziwa Tanganyika waliijua shida ya aina hii karne nyingi kabla ya kompyuta. Wafipa, upande wa kusini mashariki wa ziwa, waliyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo yaitwayo malungu, yaliyofikia mita 3 hivi na kuvuta hewa yenyewe bila mivukuto, kisha wakakisafisha katika tanuru dogo, kintengwe. Chuma kikishatoka tanuruni hufuliwa kwa nyundo, na nyundo ya chuma nayo sharti ifuliwe kwa nyundo. Wahunzi wa kale wa nchi za Maziwa Makuu walikuwa na jibu lililookotwa mtoni: jiwe. Walitumia fuawe la jiwe na nyundo ya jiwe. Jiwe halikuhitaji kufuliwa na mtu. Likipiga chuma hutoa nyundo isiyo nzuri sana, na nyundo hiyo hufua iliyo bora kuliko yenyewe.

Utegemezi wa mzunguko wa kompaila ni wa namna hiyohiyo. Unafanana na ngazi ya kuzunguka: ukiitazama kutoka juu unaona duara, ukiitazama kwa ubavu unaona vidato. Kompaila ya FORTRAN iliyotolewa na IBM mwaka 1957, chini ya uongozi wa John Backus, haikuandikwa kwa FORTRAN. Iliandikwa kwa amri za mashine yenyewe. Mwaka 1962 Tim Hart na Mike Levin wa MIT waliandika kompaila ya Lisp kwa lugha ya Lisp. Kwa kuwa tayari kulikuwa na kifasiri cha Lisp, yaani programu inayotekeleza maandishi moja kwa moja bila kuyageuza kwanza, waliiendesha kompaila yao ndani ya kifasiri hicho na kuipa maandishi yake yenyewe. Ikajigeuza. Rust ilianza ikiwa na kompaila iliyoandikwa kwa OCaml, kazi ya Graydon Hoare, na ilipofika mwaka 2011 kompaila mpya iliyoandikwa kwa Rust ikaweza kujijenga. Go ilikuwa na kompaila iliyoandikwa kwa C hadi toleo la 1.4, na kompaila ya toleo la 1.5, la Agosti 2015, ikawa ya Go tupu. Kidato cha chini kilikuwepo katika kila kisa. Kinachomtatiza mfungashaji wa leo ni kwamba mara nyingi kidato hicho kimekwisha kuondolewa, au kimeoza.

Njia nyepesi ya kutoka ni kuazima. Mfungashaji huchukua kompaila iliyokwisha kujengwa na wenye lugha, anaijengea kompaila yake kutoka chanzo, kisha anaitupa ile ya kuazima na kujenga tena kwa ile yake. GCC imelifanya zoezi hili kuwa kanuni ya ndani. Ujenzi wake kamili una hatua 3. Hatua ya kwanza hujengwa na kompaila yoyote iliyopo kwenye mashine. Hatua ya pili hujengwa na ile ya kwanza. Hatua ya tatu hujengwa na ile ya pili. Kisha faili za hatua ya pili na za hatua ya tatu hulinganishwa baiti kwa baiti. Chanzo ni kilekile, na kompaila zilizozijenga, hata kama zenyewe zimejengwa na mikono tofauti, zinatakiwa kuwa na tabia moja, kwa hiyo matokeo yanapaswa kufanana. Yakitofautiana, ujenzi husimama papo hapo na kutangaza kwamba ulinganisho umeshindwa, na hakuna mfungashaji makini anayelipuuza tangazo hilo, kwa maana linaashiria kompaila inayokosea inapojigeuza yenyewe.

Kuazima kunafaa pale tu ambapo kuna cha kuazima. Prosesa ikiwa ni ya aina mpya, hakuna kompaila iliyowahi kujengwa kwa ajili yake mahali popote duniani. Hapo hufuatwa njia ambayo bandari ya Kigoma iliishuhudia kwa macho. Wajerumani walipotaka meli kubwa katika Ziwa Tanganyika, Kigoma haikuwa na kiwanda cha kuunda meli ya ukubwa huo, na hapakuwa na njia ya maji ya kuileta kutoka baharini. Graf von Götzen iliundwa mwaka 1913 katika kiwanda cha Meyer huko Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa katika masanduku 5,000, ikaletwa kwa meli hadi Dar es Salaam na kwa reli ya kati hadi ziwani. Mafundi 3 wa Papenburg, Anton Rüter, Hermann Wendt na Rudolf Tellmann, walikuja nayo kusimamia kazi ya kuiunganisha. Ilishushwa majini Kigoma tarehe 5 Februari 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha isitekwe, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba.

Ujenzi wa namna hiyo katika kompyuta huitwa ujenzi mtambuka: kompaila inafanya kazi kwenye mashine ya aina moja lakini inatoa amri za mashine ya aina nyingine. Mpangilio wake hauruhusu kurukwa hata hatua moja. Kwanza hujengwa vifaa vya kuunganisha na kukusanya amri, vinavyojulikana kwa jina la binutils. Kisha huchukuliwa faili za vichwa za kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo. Baada yake hujengwa GCC iliyovuliwa karibu kila kitu, inayojua C tu na isiyotegemea maktaba yoyote. GCC hiyo fupi inatosha kuijenga glibc, na glibc ikishapatikana hujengwa GCC kamili, yenye C++ na maktaba zake zote. Mzunguko uliokuwa umefungamana umefunguka kwa kuigawa GCC mara mbili: moja inayotangulia glibc na nyingine inayoifuata. Kilichokuwa jina moja katika orodha kilikuwa kwa kweli vitu viwili.

Ndivyo Debian ilivyoingia kwenye prosesa za RISC-V, ambazo zilipokewa rasmi mwaka 2023 na kutoka kwa mara ya kwanza katika toleo la 13, Agosti 2025. Zana ya Helmut Grohne iitwayo rebootstrap hulirudia zoezi hilo la mwanzo kwa prosesa nyingi, tena na tena, ili ijulikane mapema pale njia inapoziba.

GCC na glibc zikipatikana, bado upo ule msitu wa nyaraka na michoro. Hapa Debian ilifanya uamuzi wa busara, tena rahisi kueleza: si kila kilichomo katika orodha ya utegemezi kina uzito sawa. Kitu kinachohitajika ili programu iwepo si sawa na kinachohitajika ili ijaribiwe, wala si sawa na kinachohitajika ili kitabu chake kichapwe. Kwa hiyo mfungashaji anaweza kutia alama pembeni ya jina katika faili la control, kusema kwamba kitu hiki hakitakiwi endapo ujenzi unaendeshwa bila majaribio, au kile hakitakiwi endapo ujenzi unaendeshwa bila nyaraka. Alama hizo huitwa nocheck na nodoc. Ipo pia stage1, kwa kifurushi kinachojengwa mara ya kwanza kikiwa pungufu. GCC ikijengwa kwa nodoc, Doxygen na Graphviz zinatoka katika orodha, na mkia mrefu wa maktaba za michoro unatoka nazo. Baadaye, kila kitu kikishakuwepo, GCC hujengwa upya ikiwa kamili pamoja na vitabu vyake.

Swali gumu ni wapi pa kukata. Vifurushi vinavyotegemeana kwa mzunguko katika Debian ni mamia, na vimefungamana kama wavu wa dagaa uliolowa: ukivuta uzi mmoja unasogeza zote. Kukata utegemezi mmoja kunaweza kufungua mizunguko mingi au kusifungue hata mmoja. Kwa lugha ya hisabati, wafungashaji wanatafuta seti ndogo kabisa ya mishale ambayo ikifutwa hakutabaki duara lolote, na tatizo hilo linajulikana kuwa gumu hata kwa kompyuta zenyewe pale mchoro unapokuwa mkubwa. Kuanzia mwaka 2012 Johannes Schauer aliunda botch, zana inayosoma orodha zote za Debian, kuchora mizunguko na kupendekeza pa kukata. Zana hupendekeza tu. Ni mtu anayejua kifurushi ndiye anayeweza kusema kama kweli kinaweza kuzaliwa bila kitu fulani.

Lugha zinazotoa matoleo harakaharaka zina shida yao. Rust hutoa toleo jipya kila baada ya wiki 6, na kila toleo hujengwa kwa lililotangulia. Mfungashaji aliyechelewa mwaka mmoja anakabiliwa na vidato 8 au 9 vya kupanda kimoja kimoja. Kwa anayetaka kuanza bila kuazima, safari nzima kutoka mwanzo ingekuwa ya kukatisha tamaa kama John Hodge asingeandika mrustc, kompaila ya Rust iliyoandikwa kwa C++. Haikagui makosa kama ile rasmi, lakini inajua kiasi cha kutosha kuijenga kompaila rasmi ya toleo fulani la zamani, na kuanzia hapo vidato hupandwa kwa mpangilio. Java nayo iliwahi kukwamuliwa hivyo. OpenJDK ilipofunguliwa mwaka 2007 ilihitaji Java nyingine ili ijengwe, na mradi wa IcedTea ulitumia GCJ, kompaila ya Java iliyokuwa ndani ya GCC. GCJ iliondolewa katika GCC 7 mwaka 2017, na wanaotaka kuipita njia ile leo hulazimika kutunza GCC kuukuu kwa ajili hiyo tu. GCC yenyewe tangu toleo la 4.8, la mwaka 2013, haijengeki tena kwa kompaila ya C pekee. Inataka ya C++. Kwa hiyo toleo la 4.7 na yaliyolitangulia yamekuwa kivuko ambacho hakuna budi kukilinda.

Inafaa kuuliza kwa nini watu wajisumbue hivyo, ilhali kuazima kunachukua dakika chache. Sababu ilielezwa mwaka 1984 na Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, katika hotuba yake ya Tuzo ya Turing. Alionyesha kwamba kompaila inaweza kutiwa hila yenye sehemu mbili. Ikigundua inageuza programu ya kuingilia kwenye kompyuta, inapenyeza mlango wa siri. Ikigundua inageuza kompaila, inaipenyeza hila yenyewe ndani ya kompaila mpya. Mwovu akishafanya hivyo mara moja, anaweza kuifuta hila katika chanzo. Maandishi yatabaki safi, kila msomaji atayakagua na kuyakubali, na hila itaendelea kurithishwa kutoka kompaila hadi kompaila. Kukagua chanzo peke yake hakutoshi. David A. Wheeler alionyesha mwaka 2005 namna ya kuinasa hila hiyo: chanzo kinajengwa kwa kompaila ya pili, isiyo na undugu na ya kwanza, kisha matokeo yanajijenga tena na kulinganishwa baiti kwa baiti. Lakini ili kompaila ya pili iwepo, lazima mtu awe ameitunza njia yake.

Wako waliokwenda hadi kwenye jiwe lenyewe. Katika mradi wa stage0, Jeremiah Orians aliandika programu ndogo mno iitwayo hex0, ambayo kazi yake yote ni kusoma tarakimu za heksa na kuzitoa zikiwa baiti. Kwa kutumia hex0 hujengwa programu inayojua zaidi kidogo, na kwa kutumia hiyo hujengwa nyingine, mpaka ipatikane kompaila ndogo ya C. Hapo hufuata GNU Mes ya Jan Nieuwenhuizen, kisha TinyCC ya Fabrice Bellard, kisha GCC 2.95.3 ya mwanzo wa karne hii, kisha GCC mpya zaidi. Mwaka 2023 mradi wa Guix, ambao kama Debian hujenga na kusambaza vifurushi, uliuanzishia mfumo wake mzima kwenye mbegu hiyo ya hex0. Mbegu ina baiti 357. Zikiandikwa kwa tarakimu za heksa ni tarakimu 714, zinazoenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari la shule, na mwanafunzi wa Ujiji mwenye kitabu cha amri za prosesa anaweza kuzikagua moja moja kwa kalamu. Yapo bado ya kuaminiwa: kerneli inayoendesha zoezi lote, prosesa yenyewe, na programu ya Guile ambayo Guix huitumia kusimamia hatua zake ikiwa imekwisha kujengwa. Lakini kompaila imetoka katika orodha hiyo.

Katika Debian, mzunguko ukishavunjwa, kilichotumika kuuvunja hakiruhusiwi kubaki. Baada ya toleo la mwaka 2019, mradi uliweka kanuni kwamba kifurushi kilichojengwa kwenye mashine ya mfungashaji hakipiti kwenda kwenye toleo lijalo. Lazima kijengwe upya na mashine za mradi. Kompaila iliyoletwa kwa mkono hufanya kazi moja tu, ya kuzaa ile itakayochukua nafasi yake. Kinachobaki ni faili dogo liitwalo README.source ndani ya kifurushi, ambamo mfungashaji anaweza kueleza jinsi kinavyojengwa. Basi kila anayefungasha kompaila aandike humo alianzia wapi, kwa toleo lipi, na nini alikiacha nje mara ya kwanza.